FAHAMU: Majembe ya Vyuoni Yasiyo na Majina, na Mashabiki wa Marekani Waliogoma Kuyasahau

Miaka ile ya gemu za PlayStation 2 na 3, kampuni ya EA Sports ilikuwa inatoa kila mwaka gemu ya mpira wa vyuo vya Marekani inaitwa NCAA Football. Ukichagua timu ya Chuo Kikuu cha Florida, ulikuwa unamkuta jamaa ameandikwa "QB namba 15". Basi, imeisha hiyo. Hana jina. Ila anarusha mpira kwa mkono wa kushoto, ana mwili wa kibonge cha mazoezi, na Marekani nzima inajua huyo ni Tim Tebow, aliyebeba tuzo ya Heisman mwaka 2007.

Tebow hakuwa na tatizo, maana staa ni staa tu, hata ukimvua jina watu watamjua. Tatizo lilikuwa kwa wale wengine. Namba 47 wa timu ya chuo kisichoonyeshwa kwenye TV kubwa, beki wa akiba aliyeingia uwanjani mara nne katika maisha yake yote ya chuo. Huyo naye alikuwemo kwenye gemu na namba yake, bila jina. Sasa huyo nani atamjua?

Jibu ni mashabiki. Kulikuwa na watu Marekani ambao kila gemu mpya ikitoka hawakimbilii kucheza. Wanakaa na kidude cha kuchezea mkononi na kuanza kuandika majina, herufi moja moja, timu moja baada ya nyingine, zaidi ya timu 100, kila moja na wachezaji kibao. Wakimaliza wanagawana mafaili. Hakuna aliyewatuma.

Kwanini mtu mzima apoteze usiku kucha kuandika jina la beki wa akiba? Kaa mkao wa kula, stori hii ni ndefu na imeanzia mbali.

Kwanza, huu mpira ni upi?

Kwa wale wanaochanganya, hapa hauongelewi mpira wa kina Messi. Huu ni ule wa mpira wenye umbo la yai, kofia ngumu kichwani na mabega yaliyojazwa mito. Wamarekani wanauita futiboli, na huu wetu wa miguu wameupa jina la soka.

Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo ilipigwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, New Jersey, kati ya Rutgers na Princeton. Kila upande uliingiza watu 25. Ilifanana zaidi na soka kuliko mpira wa Kimarekani wa leo, maana hakukuwa na kuubeba mpira mikononi. Rutgers walishinda 6-4. Cheki hapo: watu 50 uwanjani siku ambayo mchezo mzima unahesabia kuzaliwa kwake, halafu muulize shabiki yeyote wa leo akutajie hata watatu. Atabaki anakutazama tu. Kusahaulika kumeanza na mchezo wenyewe.

Ligi ya kulipwa ya NFL ilikuja baadaye sana, mwaka 1920. Kwa hiyo vyuo vilishajenga mashabiki nusu karne kabla. Mpaka leo kuna majimbo kama Alabama, Arkansas, Oklahoma na Nebraska ambayo hayana timu ya NFL hata moja. Huko timu ya chuo ndiyo kila kitu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu 107,601. Huko Nebraska tiketi za mechi za nyumbani zimekuwa zikiisha zote mfululizo tangu mwaka 1962. Muuza duka na mkulima wa mahindi ambao hawajawahi kukanyaga darasa la chuo kikuu wanaijua timu hiyo kama wanavyojua watoto wao.

Mchezo wa kutaja jamaa

Mashabiki wa mpira wa vyuo wana tabia moja. Wakikutana baa, au kwenye maegesho nje ya uwanja ambako wanachoma nyama tangu asubuhi, lazima ifike muda mtu mmoja ataje jina. Jina tu, bila maelezo. Mwenzake anashika kichwa: "Daaah, huyo jamaa!" Naye anataja la kwake. Wa tatu anacheka mpaka anamwaga bia.

Ukitaja staa, umeharibu mchezo. Hakuna anayepata pointi kwa kumtaja Tebow. Mshindi ni yule anayetaja mtu ambaye kila mmoja mezani anamjua lakini hakuna aliyemfikiria kwa miaka 15. Kwotabeki wa tatu aliyeingizwa siku wenzake wawili wameumia, akashinda mechi ile moja, wiki iliyofuata akarudi benchi na hakuonekana tena. Mpiga mateke aliyekuwa na kitambi. Jamaa ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake ili mwenzake aupige, kazi ambayo ukiifanya vizuri miaka minne hakuna anayekujua, na ukikosea mara moja jimbo zima linakujua.

Wanaocheza mchezo huu wanajua kuna siri ndani yake. Ukimtaja jamaa wa mwaka 2003, hujamtaja yeye peke yake. Umetaja na mwaka wenyewe: nani ulikuwa unakaa naye chumba, baba alikuwa bado mzima, gari gani mlipanda kwenda uwanjani. Staa ni wa kila mtu, yupo kwenye matangazo na kwenye mabango. Ila yule wa akiba ni wenu ninyi mliokuwepo.

Hesabu zinavyowabana

Kwanini mpira wa vyuo unatoa watu wa namna hii kwa wingi kuliko mchezo mwingine wowote? Angalia hesabu.

Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130. Kila kimoja kina wachezaji 100 na ushee. Kwa kawaida mchezaji ana misimu minne tu ya kucheza, akimaliza anaondoka, awe mzuri au mbaya. Upande wa pili, NFL inachagua wachezaji kama 260 hivi kwa mwaka kutoka nchi nzima. Waliobaki wote, maelfu kwa maelfu, mechi yao ya mwisho chuoni ndiyo ya mwisho kabisa. Akiwa na miaka 22 anavua kofia, anakuwa mwalimu, askari, muuza bima. Miaka minne ya kushangiliwa na watu 80,000, halafu kimya.

Na vyuo vingine vimeamua kabisa kutoweka majina mgongoni. Jezi za Notre Dame, USC na Alabama zina namba tu. Sababu yao inaeleweka: timu ni kubwa kuliko mtu. Penn State nao ndivyo walivyo, ingawa waliwahi kuweka majina kuanzia msimu wa 2012, wakayatoa tena mwaka 2015. Kwa staa haina shida, mtangazaji atamtaja kila dakika. Kwa namba 47, kama shabiki hakushika kijitabu cha mechi akatafuta jina lake, basi amepita kama upepo.

Aliyekumbukwa kwa kutocheza

Kuna kijana mmoja alipata kinyume chake. Jina lake lipo kwenye historia kwa sababu hakucheza.

Tarehe 2 Januari 1922 timu ya Texas A&M ilikuwa Dallas ikipambana na Centre College, timu iliyokuwa inatisha nchi nzima kipindi hicho. Wachezaji wa A&M wakaanza kuumia mmoja baada ya mwingine. Kocha Dana X. Bible akageuka kuangalia benchi, akaona akiba inaisha. Akakumbuka kuna kijana anaitwa E. King Gill, aliyekuwemo kikosini kabla ya kuhamia timu ya kikapu. Siku hiyo Gill alikuwa juu kwa waandishi wa habari, anamsaidia mwandishi mmoja kuwatambua wachezaji. Yaani kazi yake ilikuwa kusema "yule ni fulani, yule ni fulani".

Kocha akamuita. Gill akashuka, akaenda chini ya jukwaa, akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akasimama pembeni ya uwanja tayari kuingia. Akasimama mpaka filimbi ya mwisho. Hakuingia hata sekunde moja. A&M wakashinda 22-14.

Mpaka leo wanafunzi wa Texas A&M wanasimama mechi nzima, mvua ama jua, kuonyesha kwamba na wao wapo tayari kama Gill. Nje ya uwanja wao wa Kyle Field kuna sanamu yake. Mwaka 1983 kocha Jackie Sherrill akaenda mbali zaidi, akaunda kikosi cha wanafunzi wa kawaida kwa ajili ya ule mpigo wa kuanzisha mpira. Vyuo vingapi vinajenga sanamu ya mtu ambaye hakugusa mpira? Hawa wamejenga, na wanaipenda kuliko za mastaa.

Wa kujileta

Ili uelewe ishu inayoumiza mashabiki sasa hivi, lazima uwajue vijana wa kujileta.

Mchezaji wa kawaida wa timu kubwa anafuatwa nyumbani, kocha anakunywa chai na mama yake, anapewa ufadhili wa masomo. Wa kujileta hafuatwi na mtu wala hapewi senti. Anajilipia ada yake kama mwanafunzi yeyote, anakwenda kuomba nafasi ya kujiunga na timu, akikubaliwa anapewa kazi ya kupigwa mazoezini. Wiki nzima anajifanya mchezaji wa timu pinzani ili mastaa wa timu yake wamzoee adui. Jumamosi ikifika anavaa jezi safi na kukaa benchi. Jezi inarudi safi vile vile.

Kwanini wapo? Zamani vyuo tajiri vilikuwa vinatoa ufadhili kwa watu wengi mno, hata kwa wale ambao hawawahitaji, ili tu wapinzani wasiwapate. Mwaka 1973 ikawekwa sheria: mwisho 105. Mwaka 1978 ikashuka mpaka 95, na kufika katikati ya miaka ya 1990 ikawa 85. Timu bado ilihitaji watu wa kufanyia mazoezi, kwa hiyo pengo likazibwa na wa kujileta.

Nebraska walilifanya hili kuwa utamaduni. Kocha Tom Osborne alikuwa anapokea vijana kibao kutoka vijiji vya wakulima ndani ya jimbo, vijana ambao wameota kuvaa jezi ile nyekundu tangu wakiwa wadogo. Chini yake timu ilibeba ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997. Wapo waliojileta wakaishia kuwa wachezaji wa kutegemewa. Wengi hawakufika huko. Ila kijana akiingia dakika mbili za mwisho timu inaongoza kwa pointi 40, kijiji chake kizima kilikuwa kinasimama.

Maarufu kuliko wote wa kujileta ni Daniel "Rudy" Ruettiger wa Notre Dame. Tarehe 8 Novemba 1975, dhidi ya Georgia Tech, aliingizwa mwishoni kabisa mwa mechi, akamwangusha kwotabeki wa wapinzani, wenzake wakambeba mabegani. Mwaka 1993 ikatoka filamu. Rudy alipata bahati. Kwa kila Rudy mmoja kuna mamia walioingia dakika ile ile, wakafanya kitu kile kile, na filamu yao ipo kwenye vichwa vya watu wachache tu.

Gemu ikafika mahakamani

Turudi kwenye ile gemu isiyo na majina.

Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikuwa hazimruhusu mchezaji kulipwa. Ndio maana EA Sports hawakuandika majina: wakiandika, wamemtumia mtu kibiashara. Wakaweka namba, kimo, uzito na hata jimbo alikotoka, wakaacha jina. Ukipenda kuita ujanja, ita. Na kumbe mashabiki waliokuwa wanaandika majina usiku kucha walikuwa wanaimalizia kampuni kazi yake bure. Gemu zenyewe baadaye zikaruhusu watu kushusha mafaili hayo moja kwa moja. Na ukiandika jina ambalo gemu inalijua, hata mtangazaji wa ndani ya gemu alikuwa anakutamkia.

Mwaka 2009 mambo yakalipuka. Sam Keller, aliyewahi kuwa kwotabeki wa Arizona State na Nebraska, akafungua kesi. Mwaka huo huo akafuata Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa mwaka 1995 na chuo cha UCLA. O'Bannon alikuwa nyumbani kwa rafiki yake akamuona mtoto wa rafiki anacheza gemu ya kikapu, na ndani yake yupo yeye: upara ule ule, namba 31, mkono wa kushoto. Hana jina wala hajalipwa kitu.

Mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kesi ya O'Bannon dhidi ya NCAA kwa upande wa wachezaji. Kwenye ishu ya gemu, EA na wenzake pamoja na NCAA walikubali kulipa jumla ya dola milioni 60. Gemu ikafa. Ya mwisho ilikuwa NCAA Football 14, iliyotoka mwaka 2013.

Ilikufa kwa kampuni, kwa mashabiki haikufa. Miaka yote kumi iliyofuata kulikuwa na watu wanaoendelea kuicheza kwenye mashine zile za zamani, wakibadilisha vikosi kila msimu kwa mkono ili viendane na wakati. Mwaka 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na tarehe 19 Julai 2024 gemu ikarudi kama College Football 25. Safari hii kila mchezaji aliyekubali kuwemo alipewa dola 600 na gemu moja bure. Zaidi ya 10,000 walikubali. Majina yakaonekana kwenye skrini, yote, bila shabiki kuandika herufi hata moja.

Ila kuna kitu. Kila timu ndani ya gemu ina nafasi 85. Namba ile ile ya ufadhili. Wa kujileta wengi wakabaki nje, kama kawaida yao.

Mlango unafungwa

Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Wilken huyo huyo akapitisha makubaliano makubwa zaidi. Wachezaji wa zamani watalipwa karibu dola bilioni 2.8 ndani ya miaka kumi, na vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Ukomo wa ufadhili ukaondolewa. Mahali pake ukaja ukomo wa kikosi kizima, na kwenye mpira wa Kimarekani namba ni 105.

Mwanzoni inaonekana poa. Shida ni kwamba timu nyingi zilikuwa na watu zaidi ya hapo, kina wa kujileta wakiwa ndio ziada yenyewe. Hata kabla makubaliano hayajapita, makocha walishaanza kukata. Vijana waliojilipia ada, wakaamka saa kumi na moja alfajiri miaka mitatu, wanaambiwa asante, nafasi hakuna. Mwezi Aprili jaji aligoma kupitisha mpaka hao waliokatwa wapatiwe njia. Ikakubaliwa kwamba chuo kikitaka kinaweza kuwarudisha bila kuwahesabu kwenye ile 105. Kikitaka. Hakilazimishwi. Na njia hiyo ni ya waliokuwepo tu. Wanaokuja nyuma yao wanaikuta 105.

Hapo ndipo mashabiki wanapogawanyika. Hakuna mwenye akili anayesema wachezaji wasilipwe. Watu walitengeneza mabilioni kwa migongo ya vijana hawa kwa miaka mingi, na wengine wakaumia wakabaki na magoti mabovu bila hata asante. Haki ni haki. Lakini vita ile ile iliyowarudishia wachezaji majina yao ndiyo imeishia kuwapunguza wale ambao hawakuwa na majina tangu mwanzo.

Ongeza na uhamisho. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo wa kuorodhesha wachezaji wanaotaka kuhama, na kuanzia 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama na kucheza hapo hapo badala ya kukaa nje mwaka mzima. Leo si ajabu kukuta kwotabeki amepita vyuo vitatu. Anafanya sawa tu, kila mtu anatafuta maisha. Ila kumkumbuka mtu kunahitaji muda. Yule jamaa wa akiba alikumbukwa kwa sababu alikuwepo miaka minne, ukamuona akikua, akinenepa, akikosa, akirudi. Mwaka mmoja hautoshi hata kuzoea namba yake.

Kwa hiyo ukiwasikia mashabiki wa zamani wanatajiana majina wanayoyajua wao tu, usiwaone wamechanganyikiwa. Wanafanya kazi ambayo gemu, filamu na jezi hazikuifanya. Kijana wa benchi wa mwaka 1996 sasa hivi ana miaka karibu hamsini, labda anauza matrekta mahali fulani. Hana sanamu, na hakulipwa dola 600. Alichonacho ni kwamba Jumamosi moja ya vuli, kwenye maegesho ya uwanja, mtu asiyemjua atasema jina lake kwa sauti, na mwingine atashika kichwa aseme: "Daaah, huyo jamaa!"